Mwacheni Mtoto Asome Historia

Ndugu zangu wa Iringa, na wengine wote mliotawanyika Dar, Mbeya na Dodoma,



Nimesoma taarifa ya kikao cha ukoo kwenye kundi letu la WhatsApp, na zile sauti ndefu za shemeji nimezisikiliza mpaka mwisho. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na kombi yake ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), amepata nafasi ya kusoma historia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ninyi mmemwambia aghairi. Aombe ugavi, au uhasibu, au chochote chenye soko. Mmoja wenu ameandika kwamba historia ni kozi ya walioshindwa hesabu, na wengine mkamuunga mkono kwa vidole gumba. Nimekasirika. Ninawaandikia hadharani kwa sababu kikao kama hicho hukaliwa katika koo nyingi kila matokeo yanapotoka, na watoto wengi hunyamaza kama huyu alivyonyamaza.

Habari ya ajira msinifundishe, naijua. Walimu wa masomo ya sanaa wamekaa nyumbani na vyeti vyao, mkopo ni wa kubahatisha, na mzazi aliyeuza miti yake Kilolo ili alipe ada ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini. Lakini wahasibu wanaoendesha bodaboda pale Ipogolo, mbona hamwasemi?

Niwaeleze kilichonichoma. Huku Berlin, eneo la Lichterfelde, ipo hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Mafaili ya iliyokuwa wizara yao ya makoloni yamewekwa humo chini ya alama R 1001. Sikuulizwa baba yangu ni nani. Nilijaza fomu, nikaletewa nilichoomba, nikakaa mezani. Nilikwenda kutafuta habari za Uhehe wa miaka ya 1890. Meza ya pili alikaa binti wa Kijerumani, mwanafunzi wa chuo, amefungua maandishi ya mkono ya wakati uleule. Mwandiko wenyewe unaitwa Kurrent, herufi ambazo Wajerumani waliacha kuzifundisha mwaka 1941, na kwa macho yangu ulikuwa nyayo za kuku juu ya majivu. Yeye aliusoma bila kusita. Alijua ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilivunjwa Oktoba 1894. Alijua afisa wa Kijerumani Tom von Prince alijenga kituo cha kijeshi Iringa mwaka 1896. Alizijua habari za bonde letu kuliko watu waliozaliwa humo.

Na binti huyo hakuzaliwa na ujuzi ule. Vijana wenzake wengi wa Kijerumani hawawezi kuzisoma barua za mababu zao wenyewe. Yeye amefundishwa chuoni, katika kozi ya historia. Nilitoka pale nina hasira na sikujua nimkasirikie nani. Nikawakumbuka ninyi.

Mtasema mafaili yako Ulaya, sisi tungefanyaje. Hapana. Sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa Wajerumani iko nyumbani, katika Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam. UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Hazidai viza, zinadai mtu anayeweza kuzisoma. Anayezisoma atamjua akida aliyetozea kodi kijiji fulani, ardhi iliyogawiwa mlowezi, kijiji kilichochomwa na aliyetoa amri. Wajukuu wa waliochomewa wanapita nje ya jengo hilo wakienda kazini.

Chukueni habari ya Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe. Alikufa Julai 1898, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Gavana wa Kiingereza, Twining, ndiye aliyekwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, na lilichaguliwa kati ya mafuvu mengi kwa kupima umbo lake na kulilinganisha na vipimo vya wazao wa Mtwa. Je, ndilo lenyewe? Wanahistoria wanaliuliza swali hilo hadi leo. Sisi Wahehe, ambao fuvu ni la kwetu, tunasubiri majibu ya watu wengine, kisha tunakaa kikao kumzuia mtoto aliyejitolea kwenda kujifunza namna ya kuuliza.

Chuo chetu cha Mlimani hakikukusudiwa kusubiri majibu ya watu wengine. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini, wengi wao makwao, kuwahoji wazee waliovishuhudia Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Idara ilikuwa changa, ina watu kama Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Gilbert Gwassa. Mpaka hapo maelezo makubwa ya vita vile yalikuwa ya Wajerumani wenyewe. Gavana Götzen alishachapisha kitabu chake mwaka 1909. Wanafunzi wakarudi na masimulizi ya upande wa pili: mashamba ya pamba ya lazima, kodi, viboko vya maakida, pamba iliyong'olewa Matumbi Julai 1905, njaa iliyofuata baada ya ghala kuchomwa. Waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa na miaka themanini hivi. Leo hakuna hata mmoja. Vijana wale wangesikiliza habari ya soko, wazee wangezikwa na maneno yao. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Siku kama ile inawezekana pale tu ambapo kuna watu waliotunza majina ya waliokufa.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo hasa lililonifanya niandike, na ningependa walimu wa vyuo wanaoisoma barua hii walichukue. Kila anayesoma shahada ya historia nchini kwetu alazimike kujifunza kusoma maandishi ya wakati wa Mjerumani. Mwaka wa kwanza aanze lugha ya Kijerumani. Mwaka wa pili asome miandiko miwili: huo wa Kurrent, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, maana maliwali, maakida na wafanyabiashara wa pwani waliandikiana kwa herufi hizo. Hapa mtoto aliyepita madrasa Kilwa au Bagamoyo atakuwa mbele ya wenzake wote, na mwalimu wake wa madrasa aalikwe chuoni alipwe kama mwalimu. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi apewe faili moja la wilaya ya kwao, alisome, alitafsiri kwa Kiswahili, kisha aende kijijini kuulinganisha mwandiko wa afisa na masimulizi ya wenyeji. Nakala moja ibaki chuoni, nyingine ipelekwe maktaba ya mkoa, na ile ya Iringa iwekwe pia kwenye makumbusho ya Boma, watoto wa shule waione.

Gharama yake ni walimu wachache na mashine ya kunakili. Baada ya miaka kumi tungekuwa na mamia ya mafaili yanayosomeka kwa lugha ya watu waliotajwa humo. Siku ya kudai mafuvu, mali na ardhi, wanaokaa upande wetu wa meza wangekuwa na karatasi mkononi, wameisoma wenyewe.

Kutokusoma kulitugharimu tangu mwanzo. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Ungulu na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye mikataba ya Kijerumani. Februari 1885 serikali yake ikaipa kampuni yake hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Ninyi wenyewe mwaka 2023 mlikesha kundini mkitumiana sauti kuhusu mkataba wa bandari. Nilipouliza nani ameusoma, aliyejibu kwa kutaja kifungu alikuwa huyu mtoto, wakati huo akiwa kidato cha nne. Huyo ndiye mnayetaka akahesabu maboksi ghalani.

Najua mtaniuliza: wewe uliyesoma historia, kwa kodi za wakulima hawahawa, mbona uko Berlin unawahudumia wazee wa Kijerumani? Mna haki ya kuuliza. Nawaogesha wazee wa watu kila asubuhi, na mama yangu anaogeshwa na dada. Hilo nalala nalo na kuamka nalo, na pesa ninayotuma mwisho wa mwezi hailifuti. Ila niamini, dada: shahada ile sikuiacha uwanja wa ndege. Mzee wa hapa akinisimulia vita, najua kumuuliza alikuwa na umri gani, alisimama wapi, aliona mwenyewe au alisikia. Mkataba wa kazi niliusoma mara mbili kabla ya kusaini, nikawasomea na wenzangu kutoka nchi nyingine waliokuwa wanataka kusaini haraka. Kuuliza karatasi imeandikwa na nani, lini, kwa faida ya nani, na imenyamazia nini, nilifundishwa Mlimani, na sijapata kazi ambayo sikuuhitaji ujuzi huo. Ningebaki, labda ningekuwa mmoja wa wale wanaoyafungua yale mafaili ya Upanga. Sikubaki. Ndiyo maana sitaki kumwona huyu akizuiwa mlangoni.

Shemeji, nakuheshimu, umewalea watoto hawa nami sipo. Lakini mimi ni mjomba wa huyu, na mjomba ana neno lake. Dirisha la kuthibitisha udahili halingoji kikao kingine. Mwambieni athibitishe historia wiki hii. Ada ya miaka yote mitatu ni juu yangu, mkopo utoke usitoke, na kitabu cha Kijerumani cha kuanzia nimeshampa mtu anayekuja Dar. Mwenye neno zaidi anipigie mimi. Mtoto msimwite tena kikaoni.

Kaka yenu na mjomba wao,
Berlin