Januari ya Shule Huvunwa Juni

Ndugu msomaji, kama asili yako ni Karagwe au Kyerwa, na riziki yako umeipata Mwanza, Dar es Salaam au mji mwingine wowote, bila shaka unaifahamu simu ya Januari. Hupigwa jioni, kazi za shamba zikiisha. Anayepiga huwa ni kaka, shangazi, au mama mwenyewe. Salamu zake huwa ndefu kuliko kawaida. Utaulizwa hali ya watoto, hali ya kazi, na hata hali ya mvua huko uliko. Kisha hufuata kimya kidogo, na baada ya kimya hicho hutoka neno lenyewe: shule zimefunguliwa, mtoto hana viatu, na kaka yake amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza.

Nawe, kwa kuwa Januari ni Januari hata mjini, na kodi ya nyumba pamoja na sare za watoto wako mwenyewe zimekwisha kuumaliza mshahara, hujibu kwamba utaangalia. Huko nyumbani neno "nitaangalia" linajulikana maana yake. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba huenda kumwona mtu mwenye fedha taslimu. Mtu huyo haulizi habari za riba wala hati ya dhamana. Huomba tu aonyeshwe mibuni.

Makala yetu ya leo inahusu shule za msingi za umma katika wilaya hizo mbili, ratiba ya mwaka wake na shughuli zilizo mbele yake. Lakini habari za shule hizo haziwezi kuelezwa sawasawa bila kuitaja kahawa. Katika nchi ile ziko kalenda mbili zinazoitawala nyumba moja, na kwa bahati mbaya kalenda hizo hazipatani.

Kalenda ya kwanza ni ya shule. Mwaka wa masomo huanza Januari, na hapo ndipo mzazi hutakiwa kuwa na sare, viatu na madaftari. Muhula wa kwanza hufungwa mapema Juni. Mwezi huo ndio wa michezo ya UMITASHUMTA, ambayo huwakusanya wanafunzi wa shule za msingi, na mtoto wa kijiji aliyechaguliwa kuiwakilisha shule yake huhitaji jozi ya raba. Julai masomo hurejea. Septemba darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kabla ya mwaka kwisha matokeo hutoka, majina ya waliochaguliwa kuendelea na sekondari hutangazwa, na kabla mzazi hajamaliza kufurahi, Januari nyingine imekwisha kufika.

Kalenda ya pili ni ya mibuni. Kahawa nyingi ya Kagera ni robusta, zao ambalo wenyeji walilijua kabla ya kuja kwa wakoloni; hata leo mgeni wa heshima hukaribishwa kwa punje chache za kutafuna. Tunda huanza kuiva kiasi cha mwezi Mei. Huchumwa kwa mkono, huanikwa juu ya turubai au uchanja mpaka likauke na ganda lake, ndipo lipelekwe kwenye chama cha msingi cha ushirika. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012, lakini chama kikuu cha wakulima wa pande zote mbili kimebaki kimoja, yaani KDCU. Kwa hiyo, kuanzia Juni mpaka miezi ya Septemba na Oktoba, nyumba nyingi za Nkwenda, Kaisho, Nyaishozi na Kayanga huwa na fedha mkononi. Ndipo bati hununuliwa, madeni hulipwa, na harusi hufungwa. Desemba ndugu wa mjini hurejea kusherehekea sikukuu, na kilichosalia huliwa pamoja nao.

Sasa, ndugu msomaji, ziweke kalenda hizo mbili pamoja uzitazame. Shule hudai fedha mwezi ambao kahawa ingali bichi mtini. Hapo ndipo mwenye fedha taslimu anapoingilia.

Jambo hilo Kagera nzima hulijua kwa jina la butura. Ni kuiuza kahawa ingali ua au tunda bichi, kwa bei anayoitaja mnunuzi, miezi mingi kabla ya mavuno. Limekatazwa na viongozi mara nyingi, nalo limeendelea. Limeendelea kwa sababu aghalabu anayelifanya si mtu mvivu wala mlevi, kama wengine wanavyopenda kusema. Ni mzazi aliyekwama, ambaye mwanawe amesimama mlangoni asubuhi bila sare.

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani bali wa hesabu tu. Mzazi anahitaji shilingi 60,000 mwezi Januari kwa ajili ya sare, viatu na madaftari. Anampa mwenye fedha haki ya kuchuma mibuni ambayo Julai itatoa kahawa ya shilingi 180,000. Kwa lugha nyepesi, sare ile haikumgharimu shilingi 60,000, imemgharimu 180,000. Wala hasara haiishii hapo. Mavuno yake yakiwa yamepungua kwa kiasi hicho, Januari inayofuata humkuta akiwa mnyonge zaidi, naye huuza mibuni mingi zaidi. Baada ya miaka michache mtu huyo hulilima, hulipalilia na kulitia samadi shamba ambalo mavuno yake ni ya mwingine.

Huenda ukauliza: je, elimu si bure? Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa ukamilifu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa rika la shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Miaka iliyofuata ada zilirudi, kisha zikaondolewa tena wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Kuanzia Januari 2016 Serikali ilifuta ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Hayo ni mafanikio makubwa, wala hatuna budi kuyakumbuka kila tunapolalamika.

Lakini waraka wa elimu wa mwaka 2016 uliofafanua mpango huo ulieleza pia wajibu wa kila mhusika. Mzazi alibakishiwa sare, madaftari, kalamu, gharama za matibabu ya mtoto wake, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Mpango ulipoanza, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na katika hizo 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni moja kwa moja. Ukizigawa kwa miezi 12, ni shilingi 500 kwa mwezi kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Ni dhahiri kwamba fedha hiyo haiwezi kumvika mtoto wala kumlisha.

Katika suala la chakula, nchi ile ina neema ambayo kahawa haina. Maharage ya Karagwe huvunwa mara mbili kwa mwaka, ya vuli kiasi cha Januari na ya masika kiasi cha Juni, yaani karibu kabisa na siku za kufunguliwa kwa mihula yote miwili. Mzazi asiye na noti mfukoni Januari aghalabu ana maharage ghalani. Mkutano wa wazazi unaokubaliana kutoa mahindi na maharage badala ya fedha, na kuyapima mbele ya watu wote, huwawezesha watoto kula mchana bila mtu kuuza mbuni hata mmoja. Mkutano usipofanyika, au ukifanyika wazazi wasihudhurie, mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri akapanda na kushuka vilima husinzia darasani saa nane, naye huitwa mzito wa akili.

Mgongano wa pili wa kalenda hizo hausemwi sana. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo kahawa huhitaji mikono mingi. Ndiyo pia miezi miwili ya mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba. Mtoto wa miaka 13 huchuma vizuri, vidole vyake ni vyepesi, na mzazi huona kwamba siku mbili tatu si kitu. Lakini siku mbili za wiki hii na tatu za wiki ijayo hufikia mwezi mzima wa marudio. Kisha Septemba tunashangaa, tunamlaumu mwalimu, na pengine tunamlaumu mtoto mwenyewe.

Mpaka hapa, ndugu msomaji, tumezungumza mambo ya kila mwaka. Liko jambo moja lililo mbele yetu ambalo si la kila mwaka, nalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Maana yake ni kwamba watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Na waliokuwa darasa la nne mwaka ule ule, ambao wanafuata mtaala wa zamani, watamaliza darasa la saba mwaka huo huo wa 2027. Kwa mpango huo, madarasa mawili yatamaliza shule ya msingi pamoja, na Januari 2028 yote mawili yataelekea kidato cha kwanza.

Serikali ina kazi yake katika jambo hilo: vyumba, madawati na walimu. Lakini hebu tuingie ndani ya nyumba. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana, mmoja akiwa la tatu na mwingine la nne mwaka 2024, alikuwa akitarajia kuwapeleka sekondari kwa miaka miwili tofauti. Sasa ni sare mbili, jozi mbili za viatu, madaftari mara mbili, na kama shule ni ya mbali, magodoro mawili, vyote kwa Januari moja. Kahawa itakayolipia Januari hiyo ni ya msimu wa mwaka 2027. Ikiwa imeuzwa kwa butura, hakuna nyingine itakayoiva Desemba. Na pale nyumba inapoweza kumpeleka mmoja tu, sote tunajua ni nani aghalabu huambiwa asubiri. Ni msichana.

Basi tufanye nini? Kwanza, mzazi aliye shambani aitenge Januari siku ile ile anapolipwa kahawa. Tukirudi kwenye mfano wetu, shilingi 60,000 ni shilingi 20,000 kutoka kila malipo ya Juni, Julai na Agosti. Fedha hiyo iwekwe kwenye chama cha kuweka na kukopa, au ibadilishwe kuwa vitu. Madaftari na mkebe wa vifaa vya hesabu havibagui shule, navyo haviozi, vinunuliwe Agosti. Viatu visubiri Desemba, kwa maana mguu wa mtoto haungoji. Rangi ya sare ya sekondari hutegemea shule atakayopangiwa, kwa hiyo fedha yake ibaki fedha.

Pili, mtoto wa darasa la mwisho aachwe na kitabu chake kuanzia Julai mpaka mtihani. Jumamosi atachuma. Siku nyingine majirani wachumiane kwa zamu, kama walivyozoea kusaidiana katika kazi nyingine.

Tatu, na neno hili ni letu sisi tulio mjini. Tumezoea kwenda nyumbani Desemba. Tunafika na zawadi, tunakula ndizi na nyama, tunapiga picha na wazee, kisha tunaondoka na kuiacha Januari mlangoni. Kwa nini likizo ya mwaka mmoja kati ya miwili isiwe ya Julai? Utachuma kahawa pamoja na ndugu zako, nafasi ya mtoto wa darasa la saba utaishika wewe, nawe utahudhuria mkutano wa wazazi na kumsikia Mwalimu Mkuu kwa masikio yako. Usipoweza kusafiri, piga simu wewe kwanza, mwezi Julai, na ule mchango ambao ungetuma Januari kwa manung'uniko utume wakati huo kidogo kidogo. Shilingi iliyofika kabla ya butura ina thamani ya tatu zilizofika baadaye.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Fanyeni hivyo mwaka huu kwa majaribio, na mwaka 2027 kwa lazima. Halafu Januari simu itakapolia jioni, ukaulizwa hali ya watoto, hali ya kazi na hali ya mvua, kimya kidogo kikafuata, huenda ukasikia tu mama akisema kwamba watoto wote wawili wamekwenda shule asubuhi, na kwamba mibuni imebeba vizuri.