Kalipa Nyekundu Haisimamishi Gari

Najua hii itanipotezea wafuasi, lakini acha niseme. Hizi video za kupaka kalipa za breki rangi ya unga nyumbani, zenye muziki mkali na gari linalong'aa mwishoni, nyingi zinaficha sehemu muhimu. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliozitengeneza. Yangu niliifuta mwenyewe, na leo nawaambia kwa nini.

Kwanza tuelewane. Kama hujui rangi ya unga ni nini, angalia fremu za madirisha ya alumini hapo mjini, nyingi zimepakwa hiyo. Ni unga mkavu, laini kama poda. Unapulizwa kwa bunduki inayoutia chaji ya umeme, nao unajishika kwenye chuma kilichofungwa waya wa ardhi. Halafu chuma kinaingia oveni, joto karibu nyuzi 200, kwa dakika 10 hadi 20 hivi, na saa inaanza kuhesabiwa chuma chenyewe kikishapata moto. Unga unayeyuka, unashikana, unakuwa ganda gumu. Ikifanywa vizuri ni kazi safi sana. Sina ugomvi na unga. Nina ugomvi na sisi.

Mwaka jana nilinunua bunduki ndogo, nikapata oveni kuukuu ya umeme kwa jirani aliyekuwa anahama Malindi. Nikamwomba ami yangu Probox yake. Nikamwambia, "Ami, kalipa zako zimeoza kutu, niachie wikendi moja tu." Akanipa funguo. Ananiamini yule mzee.

Nikafungua kalipa za mbele, nikapiga msasa, nikapaka nyekundu, nikaoka, nikafunga. Video ikapata watu wengi kuliko zote nilizowahi kuweka. Nikajiona fundi.

Siku chache baadaye tukatoka Malindi kwenda Kilifi, ami anaendesha, mimi mbele, binamu zangu wawili nyuma. Gede tukapita salama. Tulipofika Mida gari likaanza kuwa zito, ami anakanyaga mafuta lakini haliendi. Kukaja harufu ya kuungua. Ami akauliza, "Hiyo ni nini?" Mimi nikajibu haraka, "Ni rangi mpya hiyo ami, itaisha."

Karibu na Matsangoni watoto wa shule wakaanza kuvuka. Ami akakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini. Akapiga tena na tena, akavuta hendibreki, akalitupa gari kwenye mchanga kando ya barabara. Hakuna aliyeumia. Watoto walisimama wakatuangalia, mmoja akacheka. Ami alikaa kimya muda mrefu, mikono bado kwenye usukani. Kisha akaniambia maneno matatu: "Ulisema ni rangi."

Na kweli ilikuwa ni rangi.

Hebu fuateni hii. Breki pedi zina masikio yanayoteleza kwenye kibebeo chake. Ukikanyaga zinasogea kubana diski, ukiachia zinarudi nyuma kidogo. Nafasi ile ni ndogo mno. Ganda la rangi ya unga lina unene kama unywele mmoja, pengine zaidi. Mimi nilipaka mpaka pale panapoteleza pedi, juu na chini. Pedi zikabana. Zikawa zinasugua diski njia nzima hata kama mguu haupo kwenye breki. Msuguano ukaleta joto, joto likaingia kwenye kalipa, likafika kwenye mafuta ya breki.

Sasa hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na huku kwetu hewa yenyewe ni unyevu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya kabisa yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kipimo hicho kinashuka hadi 140. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, unabonyeza mapovu tu, gari haliskii. Hiyo ndiyo pedeli iliyoenda chini pale Matsangoni.

Fundi mzee aliyelifungua lile gari alinitazama akatikisa kichwa. "Kijana wangu, umeivalisha breki kanzu ya Idi halafu ukaishona kwapani."

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Mtasema, "Lakini chumvi ya bahari inakula kalipa, lazima tuzilinde." Ni kweli chumvi inakula. Tunaishi ufuoni, kusi ikivuma unaramba chumvi kwenye midomo yako mwenyewe, na pale Gongoni na Marereni watu wanaivuna kibiashara kutoka maji ya bahari. Lakini nikuulize, kutu inayokwamisha breki inakaa wapi? Inakaa kwenye pini za kutelezea, kwenye pistoni chini ya mpira wa vumbi, na pale pedi zinapoteleza. Na sehemu zote hizo ni marufuku kupaka rangi. Kwa hivyo unga wako unalinda sehemu ambayo ingeweza kukaa na kutu ya juujuu miaka mingi bila kumdhuru mtu, na unaiacha sehemu inayoua. Dawa ya pale ndani ni usafi, grisi sahihi, mipira mizima, na kuoshea maji baridi ukitoka kwenye mchanga wa ufuoni. Haipendezi kwenye video, najua.

Mtasema, "Wazungu wanafanya kwenye gereji zao za nyumbani." Naam, wanafanya, na wanaojua kazi wanafungua kalipa mpaka mwisho. Wanatoa pistoni, wanatoa mipira yote, maana mpira ule hautavumilia oveni. Wanaziba tundu la pistoni, nyuzi za bolti, na kila uso unaokutana na chuma kingine. Wanaoka chuma kitupu kwanza, kwa sababu chuma cha kusubu kina vitundu vinavyoficha mafuta, na mafuta hayo yakitoka chini ya unga yanaleta malengelenge. Halafu wanarudisha kwa mipira mipya, wanatoa hewa kwenye breki, wanajaribu polepole. Hizo ni saa nyingi za kazi chafu. Kwenye video ya sekunde arubaini unaona kabla na baada tu. Katikati, ambako ndiko kuna maisha ya mtu, kumekatwa.

Mtasema, "Hata mafundi wenyewe hawajui." Wengine hawajui, kweli. Nimeona mtu akipaka grisi ya kawaida kwenye mipira ya breki, na grisi ya petroli inavimbisha mipira ile mpaka ikwame. Lakini ujinga wa fundi haukupi wewe leseni ya kuwa mjinga wa pili. Ukimwona fundi anafanya hivyo, uliza. Ukimpata anayejua, mlipe bila kulia. Tunalipa hela ya rimu bila kubishana, halafu fundi wa breki tunamwambia apunguze mia mbili!

Na hii oveni ya mama, tafadhalini. Nimeona mtu anaoka kalipa kwenye jiko la nyumbani, lile lile la mikate ya Ramadhani. Oveni ikishaoka unga wa rangi haipiki tena chakula, imeisha hiyo. Na kama ni ya gesi ni hatari zaidi, maana vumbi la unga likitanda hewani karibu na moto wa wazi linaweza kulipuka. Kuna pia zile dawa za kupulizia za kusafishia breki. Zenye klorini, zikipata moto, hutoa gesi ya sumu. Wewe unasafisha, unatia kwenye oveni kabla haijakauka vizuri, dirisha limefungwa, mdogo wako amelala chumba cha pili. Kwa sababu ya rangi nyekundu.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi vijana wa Malindi na Kilifi wasishike spana. Mimi mwenyewe bunduki bado ninayo. Napaka fremu za baiskeli, stendi za meza, vishikio vya milango. Napata riziki kidogo. Hivyo vikiharibika, mteja ananitukana tu, tunarudia. Breki haina kurudia. Kalipa nikiletewa leo, sharti langu ni kwamba aifungue fundi wa breki, nipewe chuma kitupu, nizibe sehemu zote anazonionyesha, kisha yeye ndiye afunge kwa mipira mipya na mafuta mapya. Mteja asiyetaka, basi. Nimeshawapoteza wawili kwa hilo, na usiku nalala.

Ninachowaomba nyinyi mnaotengeneza video hizi ni kitu kimoja. Kabla hujaweka picha ya kalipa inayong'aa, weka picha tatu: tundu la pistoni likiwa limezibwa, pale pedi zinapoteleza pakiwa chuma kitupu, na mipira mipya ikiwa kwenye kiganja chako. Huna hizo picha, usiweke video. Na nyinyi mnaotazama, ziulizieni hapo chini kwenye maoni kabla hamjamwaga moto na mapongezi.

Ami bado anaendesha ile Probox kila siku. Kalipa zake zina rangi ya kutu na zinashika vizuri. Nilimwambia nitamlipia mafuta na mipira niliyoiharibu, akasema deni lake si hilo. Akasema siku nitakapojibu swali la mtu kuhusu gari lake kwa kusema "sijui, ngoja tusimame tuangalie", ndipo tutakuwa sawa.

Basi nami nawaambia, ukisikia harufu ukiwa Mida, simama hapo hapo. Usiseme ni rangi.