Si Kazi ya Mashine

Imeenea dhana, hata miongoni mwa watu wenye elimu, kwamba msanii anayesimama peke yake jukwaani na kisanduku cha kurudia sauti, akaimba na kuchekesha kwa maneno yanayomjia papo hapo, hana kazi aliyoifanya: muziki umepigwa na mashine, na mzaha umeletwa na bahati. Dhana hiyo ni batili. Naipinga kwa dhati, kwa sababu inamdhulumu msanii na, hapa kwetu Chiwanda na mwambao wote wa Ziwa Nyasa, inatudhulumu sisi wenyewe.

Mashuhuri katika sanaa hiyo ni Reggie Watts, Mmarekani aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1972 na kulelewa katika jimbo la Montana, ambaye alijulikana kwa kisanduku cha Line 6 DL4, chombo cha kukanyagwa kwa mguu kisichohifadhi zaidi ya sekunde 14 za sauti. Chombo hicho hakina wimbo ndani yake. Hakitoi ila kile kilichopokea kutoka kinywani mwa mwenyewe, ambaye hutangulia kutoa mdundo kwa midomo, kisha besi kwa koo, kisha sauti za waitikiaji, moja juu ya nyingine. Na akichelewa kukanyaga hata kwa kitambo kidogo mno, taksiri ile humrudia katika kila mzunguko mbele ya hadhira, wala hana mwenzake wa kumsitiri. Mpiga gitaa wa bendi akikosea, kosa hupita. Kosa la huyu huwa sehemu ya wimbo, naye hana budi ama kufuta yote na kuanza upya, ama kulitafutia maana pale pale, na aghalabu hapo ndipo kicheko kinapozaliwa.

Huo si ubahatishaji. Watts alihamia Seattle mwaka 1990 kusoma muziki, akaimba miaka mingi katika bendi ya Maktub, na tangu 2015 hadi 2023 akaongoza bendi ya kipindi cha televisheni cha James Corden. Anayebuni papo hapo hutoa katika akiba, na akiba huwekwa kwa miaka.

Wapo wasemao kwamba haya ni mageni kwetu. Wameghafilika. Taifa hili lilizoea kusikia, kabla ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania, ngoma za marehemu Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja bila msaidizi. Na ng'ambo ya ziwa letu, Nkhata Bay, Gasper Nali hupiga ngoma kwa mguu, na babatoni, ala ndefu ya uzi mmoja, kwa chupa na kijiti, huku akiimba. Hata katika ngoma zetu za kucheza, mganda wa wanaume na kioda ya wanawake, mdundo na kiitikio hurudi vile vile, na juu yake kiongozi hutia maneno ya siku ile, ya sifa au ya dhihaka, kwa kadiri anavyowaona watu waliomzunguka. Nani kati yetu alipata kusema kwamba kiongozi huyo hakufanya kazi, kwa kuwa waitikiaji walirudia?

Basi mwenye kuandaa sherehe Mbamba Bay au Mbinga, akimwalika kijana wa sanaa hii, asimpunje kwa hoja kwamba amekuja peke yake na kisanduku. Na amlipe ujira wa bendi, maana kazi ya bendi ndiyo aliyoifanya.