DHAHABU INAPIMWA, KAMBALE JE?

Ndugu msomaji, ukiyafuata maji ya mialo ya Rwamagasa wilayani Geita, kule walalahoi wanakochenjulia dhahabu, hutafika Ziwa Victoria, japo ziwa liko jirani. Maji hayo yanaingia mto Isingile, Isingile unaingia Nikonga, na Nikonga unaelekea kusini, mbali na lami na mbali na macho ya wakubwa, hadi kwenye mabwawa ya Kigosi na Moyowosi. Kutoka hapo ni Malagarasi, na mwisho Ziwa Tanganyika. Safari nzima inapita kilomita 400.

Leo tuzungumzie hapo katikati, kwenye mabwawa. Hapo mto hauna haraka. Maji yanajigawa, yanajipenyeza kwenye matete na mafunjo, yanasogea kama ng'ombe walioshiba wakirudi zizini. Sisi tulioishia kidato cha nne tulifundishwa kwamba maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu na konokono wa kichocho. Tukajibu mtihani, habari ikaishia hapo. Hakuna aliyetuambia kwamba ni humo kambale wanamotagia, na kamongo anamojifukia topeni kusubiri mvua. Humo anaishi nzohe, ndugu yake pongo, mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame. Akishtushwa hujitosa majini akabakiza pua tu. Na humo husimama korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, kimya kwa muda mrefu kama mlinzi aliyesinzia, mpaka kamongo atoe kichwa kuvuta hewa.

Mwaka 2000 nchi yetu iliyaandikisha maeneo hayo, kwa jina la Malagarasi-Muyovozi, kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Ni zaidi ya hekta milioni 3, na ndiyo yalikuwa ya kwanza Tanzania kuandikishwa. Wakubwa wakatia saini.

Sasa sikiliza, msomaji. Mchimbaji mdogo akitoa mawe duarani anayapeleka karasha, unga unaoshwa, kisha unachanganywa na zebaki ili ishike dhahabu. Kwa kawaida gramu moja ya dhahabu hula gramu moja ya zebaki au zaidi. Nyingine hupaa kwa moshi inapochomwa, nyingine hubaki kwenye marudio, na mvua ikinyesha marudio huteremka mtoni.

Kwenye maji yaendayo kasi, zebaki hupita. Kwenye maji yaliyotulia hutua. Chini ya tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia mwilini na kukaa. Mdudu anaila, dagaa anamla mdudu, kambale anamla dagaa, na kila anayekula anajilimbikizia zaidi ya aliyeliwa. Mwisho wa foleni hiyo wako wawili: korongo nyangumi na wewe. Kumkausha samaki kwa moshi hakuiondoi. Inashambulia ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia kuliko wote. Wajapani waliyaona hayo Minamata mwaka 1956, ghuba yenye maji matulivu, na Mkataba wa Minamata ukapewa jina hilo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Saini nyingine hiyo.

Hatuandiki haya kumsulubu mchimbaji mdogo. Yeye anashika zebaki kwa mikono mitupu, na mara nyingi mkewe ndiye anayepika chumba kilekile inamochomwa. Tunauliza walio juu yake. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita, mrabaha ulikuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Mizani ilikuwepo, karani alikuwepo, kila pointi ya gramu iliandikwa. Hivi kambale wa Nikonga naye mizani yake iko wapi? Wewe unayemnunua mnadani, ni lini umesoma karatasi ya majibu ya kipimo chake?

Wataalamu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapima tope, samaki na watu. Ripoti iko, kwa Kiingereza! Mama muuza samaki wa Runzewe ataisomea wapi?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima wa mchicha anaijua sana sheria hiyo. Basi na mialo ihamishwe, mchimbaji apewe mahali pengine pa kuoshea na kifaa cha kunasa moshi wa zebaki, na asifukuzwe kwa virungu. Na samaki wa Isingile, wa Nikonga na wa mabwawa ya Kigosi wapimwe upya, majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji, hata kama ni mabaya.

Mvua zetu huanza Novemba. Marudio yaliyorundikwa kingoni yatasombwa tena. Tunataka karatasi hizo ziwe ukutani kabla ya hapo.