Alinipa Mgongo, Kumbe Alikuwa Ananionyesha Njia

Wiki hii nina kesi ya kujibu.

Mwezi uliopita mtoto wa Mwanjelwa nilipanda basi Mbeya, nikaenda zangu Iringa kumwona mchumba. Jioni tukapanda Gangilonga, lile jiwe kubwa ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Kufika juu nikachomoa simu, nikaanza kupiga picha jua linalozama. Piga huku, piga kule. Bibie anaongea, mimi najibu “ehee, ehee” tu. Mwishowe akanuna, akanipa mgongo.

Kimya. Mara nasikia, “We! Hebu geuka!”

Jamani! Upande wa mashariki, ambako jua halipo, mistari ya mwanga na kivuli inashuka kutoka juu na kukutana mahali pamoja, utadhani jua lingine linataka kuchomoza saa kumi na mbili jioni. Jamaa mmoja pembeni akaanza kuhubiri mwisho wa dunia.

Wala! Jua likiwa chini, mawingu ya magharibi hukata mwanga wake vipande vipande, ukavuka anga lote. Mistari ile haikutani, inakwenda sambamba. Itazame reli ya TAZARA pale Mbeya: vyuma viwili vinaonekana kukutana kule mbele. Vingekutana kweli, treni ingepita wapi? Ni macho yetu tu. Vumbi na moshi wa kiangazi husaidia mistari ionekane.

Ukitaka kuipiga, lipe jua mgongo. Hata macho yako yatasalimika, maana jua si la kukodolea. Waliokwenda Rujewa Septemba 1, 2016 kuona jua likipatwa walihitaji miwani maalumu. Gusa kioo cha simu penye mstari unaong’aa, punguza mwanga, na uache mlima au mti uonekane chini ya picha. Fanya chapuchapu, maana ni dakika chache tu imekwisha.

Yangu iko wapi? Simu ilikwisha chaji, nilizimaliza zote kwenye jua ambalo kila mtu analo. Picha ya maana anayo yeye, na kila nikimwomba anitumie, ananijibu niifuate mwenyewe Iringa.

Nauli natafuta. Ila safari hii simu itakaa mfukoni mpaka bibie amalize kuongea.

Tukutane wiki ijayo!