Jeremy Lin hakwenda Taiwan kupumzika

Mchezaji wa ughaibuni akitangaza kwamba anakwenda kucheza nchi ya wazazi wake, watu hucheka pembeni: huyo anakwenda kula kiinua mgongo. Jeremy Lin, mchezaji wa mpira wa kikapu, alipotua Kaohsiung, Taiwan, mwaka 2023, akiwa na miaka 34, ilikuwa rahisi kumsema hivyo. Alizaliwa California, wazazi wake wahamiaji kutoka Taiwan. Akasoma Harvard, na mwaka 2010 hakuna timu ya NBA iliyomteua. Miaka miwili baadaye aliitikisa New York akiwa na timu ya Knicks, na usiku mmoja akawatia Lakers ya Kobe Bryant pointi 38. Mtu mwenye historia hiyo angeweza kuuza jezi tu, akapunga mkono, akalipwa. Yeye alihamia New Taipei Kings, akacheza bega kwa bega na mdogo wake Joseph, wakatwaa ubingwa 2024 na tena 2025, ndipo akastaafu. Mimi hilo la ndugu wawili ndilo linalonivutia kuliko vikombe. Marekani ilimlea, lakini ligi iliyowapa wote wawili jezi moja ilikuwa ya nchi ya wazazi wao.