Kujifunza kutazama mchezo tusioucheza



Juma hili napenda tutafakari juu ya jambo ambalo wengi wetu tulio watu wazima hulipita kando tukidhani halituhusu, nalo ni mashindano ya michezo ya kompyuta ya mkakati. Sizungumzii kila mchezo wa kwenye kioo. Nazungumzia ule ambao wachezaji wawili hukabiliana, kila mmoja akijenga makao, akikusanya mali, akiunda jeshi na kuutafuta udhaifu wa mwenzake. Kijana anapoutazama, sisi tulio pembeni huona taa zinazomulika na vitu vinavyolipuka. Yeye huona hoja na jibu la hoja. Maoni yangu ni kwamba mtu mzima anaweza kujifunza kuutazama mchezo wa namna hii hata kama hataucheza kamwe, na tena yampasa ajifunze. Asiyejua anachokitazama hana haki ya kukisifu wala kukilaani.

Tuchukue mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo Blizzard Entertainment ilitoa mchezo wa StarCraft. Ingawa ulitungwa Marekani, nchi iliyoufanya kuwa mchezo wa kutazamwa ni Korea Kusini. Nchi hiyo ilikuwa imetikiswa na msukosuko wa fedha wa mwaka 1997. Intaneti ya kasi ilikuwa ikienea, na vibanda vya kompyuta, ambavyo Wakorea huviita PC bang, vikafunguliwa mitaani kwa wingi. Vijana walikutana humo kucheza, na kutoka humo mchezo ukaingia katika televisheni. Mwaka 2000 ilianza idhaa ya Ongamenet, iliyojitolea kwa michezo ya kompyuta. Wachezaji kama Lim Yo-hwan wakawa watu mashuhuri wenye mashabiki wao. Mwaka 2004 fainali ya ligi ya timu ilifanyika katika ufuko wa Gwangalli mjini Busan, na iliripotiwa kwamba watazamaji walifika 100,000. Toleo la pili, StarCraft II, lilifuata mwaka 2010.

Umati wa namna hiyo haukukusanyika mchangani kutazama taa. Ulikuwa unaona kitu. Basi nasi tujiulize: walikuwa wanaona nini?

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Katika jambo hili, ndugu msomaji, hata mwenye macho hana budi aambiwe mahali pa kutazama, maana kioo kina mambo mengi na mchezaji bingwa hutoa amri zaidi ya 300 kwa dakika moja. Hakuna jicho la mwanagenzi linaloweza kuzifuata zote, na wala halihitaji.

Kwanza, ajue pande zilizopo. Ziko tatu. Terran ni binadamu, wenye bunduki na vifaru, nao waweza hata kuyainua baadhi ya majengo yao na kuyahamisha. Zerg ni viumbe mfano wa wadudu, huzaana kwa wingi na kwa gharama ndogo. Protoss ni watu wa sayari nyingine, wachache kwa idadi, ghali, lakini wenye elimu ya juu. Pande hizi hazifanani hata kidogo, na bado zimepimwa ili zikae katika mizani moja. Mwanagenzi achague upande mmoja na kuufuata kwa majuma kadhaa. Anayetaka kuzijua zote tatu kwa siku moja hataijua hata moja.

Pili, atazame uchumi kabla ya vita. Hapa ndipo siri ya mchezo ilipo. Kila mchezaji ana wafanyakazi wanaochimba madini na kuvuna gesi, na kwa mali hiyo hununua kila kitu kingine. Katika StarCraft II ya sasa kila mmoja huanza na wafanyakazi 12. Mfanyakazi mmoja hugharimu madini 50. Askari wa kawaida wa Terran naye hugharimu madini 50. Tafakari hapo. Kwa bei ileile, mchezaji hununua ama mkono wa kufanya kazi ama mkono wa kushika silaha. Anayenunua wafanyakazi tu atakuwa tajiri kesho, ikiwa kesho atakuwa hai. Anayenunua askari tu ana nguvu leo, naye hana budi kuitumia leo, kwa sababu kesho mwenzake atamzidi.

Makao mapya ya Terran au Protoss hugharimu madini 400, yaani bei ya askari wanane wa kawaida. Kwa hiyo kila anapojenga makao ya pili, mchezaji hujiweka wazi kwa muda. Yako mambo matatu anayoweza kuyafanya na mali yake: kushambulia mapema, kujitanua kiuchumi, au kuwekeza katika silaha za juu na ulinzi. Kwa ujumla, shambulio la mapema humwadhibu aliyejitanua kwa pupa. Aliyejitanua humpita yule anayejifungia ndani. Na aliyejilinda vema huvunja shambulio la mapema, kisha mshambuliaji hubaki maskini. Anayelifahamu duara hili tayari ameelewa nusu ya yale wanayoyasema watangazaji.

Tatu, ajifunze kusoma namba zilizo pembeni mwa kioo. Huonyesha idadi ya wafanyakazi, ukubwa wa jeshi, na mali iliyokusanywa. Kila upande una kikomo cha 200 katika hesabu ya jeshi na wafanyakazi pamoja. Mara nyingi askari wachache hushushwa kwa ndege nyuma ya makao ya adui, wakaua wafanyakazi 10 na kutoweka. Mgeni hupuuza tukio hilo dogo, akingoja vita vikubwa katikati ya ramani. Mzoefu hushtuka palepale, kwa sababu amekwisha kuona kwamba baada ya dakika chache jeshi la yule aliyepoteza wafanyakazi litakuwa pungufu. Vita vikubwa vikija, mara nyingi hutangaza tu hukumu iliyokwisha kutolewa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimwaga.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Wengi wetu twaujua mchezo wa bao. Kete zake 64 zimo wazi katika mashimo yaliyopangwa safu nne, nane nane. Wachezaji wanaziona, na wazee walioketi kando wanaziona vilevile. Mchezaji akikosea, mtazamaji ana haki ya kutikisa kichwa, kwa sababu wote wawili walikuwa na habari ileile.

StarCraft haiko hivyo. Ramani imefunikwa na giza, ambalo wachezaji huliita ukungu wa vita. Mchezaji huona mahali tu ambapo ana jengo au kiumbe chake. Kwingine kote hubahatisha. Hulazimika kutuma mpelelezi, na mpelelezi akiuawa mlangoni, hubaki na dalili chache za kufanyia uamuzi. Sisi watazamaji twaonyeshwa pande zote mbili. Twamwona Protoss akijenga kwa siri hekalu la kuzalisha askari wasioonekana kwa macho. Twamwona mwenzake akiendelea na shughuli zake bila kujenga kifaa cha kuwagundua. Askari wale wanaingia na kuwakata wafanyakazi wake mmoja baada ya mwingine, na mtazamaji mgeni anasema: mjinga huyu, kwa nini hakujiandaa?

Lakini je, alijua? Hilo ndilo swali la haki, na ndilo linalomtofautisha mtazamaji mwelevu na mpiga kelele. Mtazamaji mwelevu hauulizi tu uamuzi ulileta matokeo gani. Anauliza pia mchezaji alikuwa ameona nini alipoamua. Alipeleka mpelelezi? Dalili gani zilikuwa mbele yake? Kama hakuwa nazo, uamuzi wake ulikuwa wa busara hata kama umemwangusha. Kama alikuwa nazo akazipuuza, hapo lawama ni halali. Naamini kwamba anayezoea kuuliza swali hili mbele ya kioo atapata ugumu kidogo wa kuwahukumu jirani, mkwe au kiongozi wake kwa habari ambazo wao hawakuwa nazo. Nasi tumezoea mno kuyatazama maisha ya wengine kana kwamba walikuwa na ramani yote wazi.

Liko pia jambo dogo la adabu. Mchezaji anapoona hana njia tena, kwa desturi huandika herufi mbili, gg, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayokiri kwamba mchezo ulikuwa mzuri, kisha hutoka. Mshindwa mwenyewe ndiye anayetamka mwisho, bila kungoja jengo lake la mwisho liteketezwe. Ni kijana anayekiri mbele ya umati kwamba leo mwenzake amemzidi, na kesho anarudi kwenye mazoezi.

Wako watakaopinga. Wengine watasema: huwezi kuuelewa mchezo usioucheza. Sikubaliani nao. Ni wangapi wanaojaza viwanja vya mpira ambao hawajawahi kupiga mkwaju wa adhabu? Wanajua kuotea ni nini na wanajua timu inapochoka, na hiyo yawatosha. Wengine, hasa wazazi, watasema kwamba kuutazama ni kuubariki, na kwamba nyuma yake kuna usiku usio na usingizi, masomo yaliyoachwa, na kamari. Hofu hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2010 iligunduliwa nchini Korea Kusini kwamba baadhi ya wachezaji, akiwemo aliyewahi kuwa bingwa, walihusika katika kupanga matokeo kwa ajili ya wacheza kamari, nao wakafungiwa. Riziki yenyewe nayo si ya uhakika: idhaa ya MBC Game iliacha kurusha michezo mwaka 2012, na ligi ya timu ya Proleague ikafungwa mwaka 2016.

Lakini hebu tuangalie: ni nani anayeweza kumweleza kijana mambo haya naye akasikiliza? Si yule anayeingia sebuleni akazima kompyuta bila kuuliza. Kijana atamwona huyo kama mtu anayelaani lugha asiyoijua, na onyo lake, hata likiwa la kweli kabisa, litaanguka chini. Atasikilizwa yule aliyewahi kuketi karibu naye na kuuliza: kwa nini huyu amejenga makao ya tatu mapema hivi? Kuuliza si ujinga. Swali moja zuri hufungua mlango ambao amri kumi haziwezi kuufungua, na mlango ukiisha kufunguka, hata habari za usingizi, masomo na fedha zitapita humo.

Kwa anayetaka kuanza, nashauri atafute fainali ya dunia ya Novemba 2018, iliyochezwa Anaheim, California, kati ya Joona Sotala wa Finland, mchezaji wa Zerg, na Kim Dae-yeob wa Korea Kusini, mchezaji wa Protoss. Sotala alishinda michezo minne kwa miwili, akawa wa kwanza kutoka nje ya Korea kutwaa taji hilo. Atazame mchezo mmoja tu kwa siku. Mara ya kwanza afuate idadi ya wafanyakazi peke yake, asijali kingine. Mara ya pili, kabla ya kila shambulio, ajiulize: huyu anajua nini kuhusu mwenzake, na amekijuaje? Mara ya tatu amwite kijana wa nyumbani amweleze yale ambayo bado hayajamwelea, naye anyamaze asikilize.

Huenda baada ya hayo bado mtu akasema mchezo huu haumpendezi. Ni sawa, atakuwa amesema kwa haki.